Shangazi, mama anakuja na yai linanishinda

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31, naishi Tabata, Dar es Salaam, chumba na sebule ndogo ambayo nusu yake nimeigeuza jiko. Kazi ninayo na kodi nalipa kwa wakati. Natanguliza hayo usije ukadhani shida yangu ni pesa. Shida yangu ni yai.

Nimezaliwa Tukuyu, mvulana peke yangu kati ya dada wanne. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyuma chenye mafiga matatu, na kila nilipoingiza kichwa mama alininyooshea mwiko: "Toka hapo, utaungua!" Nikaelewa kuwa jikoni si mahali pa mwanamume, nikatoka na sikurudi tena. Chuoni nilikula kantini. Siku hizi mchana nakula kwa mama ntilie jirani na ofisi, usiku nachukua chipsi mayai kwenye banda la pale kona. Nimeishi hivyo miaka sita na sikuona ubaya wake.

Sasa mama anakuja. Ana miadi ya kupimwa macho mwishoni mwa mwezi ujao, na atakaa kwangu wiki mbili. Ni mara yake ya kwanza kunitembelea tangu nianze kujitegemea. Chipsi hali, anasema mafuta yake yanamkereketa koo. Asubuhi yake ni ile ile tangu nikiwa mdogo: chai ya rangi, kipande cha muhogo wa kuchemsha au mkate, na yai la jicho, lile ambalo halikuvurugwa, kiini kimekaa kizima katikati lakini kimeiva. Akiona ute unatetemeka anasukuma sahani.

Nikajiambia, yai tu, litanishindaje? Nikanunua trei nzima. Shangazi, yamebaki saba, na niliyokula hayafiki kumi. La kwanza nililirusha kutoka mbali kwa kuogopa mafuta, likatua sakafuni. La pili liliungua pembeni likawa jeusi huku juu ute ni maji matupu. Mengine yananata kwenye sufuria, nikiyabandua kiini kinapasuka, naishia kuyavuruga kwa hasira na kujifanya ndivyo nilivyotaka. Maganda nimeyatafuna. Moja nililipasulia juu ya mengine matatu, kumbe viza. Yote manne nikatupa, sufuria ikalala nje siku mbili.

Wiki iliyopita ndiyo iliyonitisha. Niliweka mafuta jikoni, nikapokea simu, niliporudi yanawaka. Nikachota maji kwenye ndoo nikamwagia. Moto ulipanda karibu na dari, pazia likapata tundu na mimi nikaungua mkono. Nikapaka dawa ya meno. Jirani akanigongea mlango: "Kaka, unachoma mpira?"

Nina mawazo mawili. La kwanza, kila alfajiri nimfuate mama ntilie anikaangie yai, nilirudishe ndani kabla mama hajaamka, nilipashe kidogo ili aone limetoka kwenye jiko langu. La pili, nitafute binti wa kazi kwa hizo wiki mbili. Unanishauri lipi? Na je, mama hataona vibaya kumkuta mwanawe wa kiume jikoni?

Ni mimi Mchoma Mayai, Tabata.

*

Marahaba mwanangu.

Mayai tutayafikia, ila kwanza tuongee kuhusu ile ndoo. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini yake, yanakutana na joto kali na kugeuka mvuke papo hapo. Tone moja la maji likiwa mvuke linatanuka kama mara 1,700, na kule kutanuka ndiko kulikorusha mafuta yako juu yakiwa na moto wake. Umepoteza kipande cha pazia. Wapo waliopoteza uso. Siku nyingine, Mungu aepushe, funga koki ya gesi kama unaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, kisha telezesha kifuniko au sufuria kubwa zaidi juu ya sufuria inayowaka na uache vivyo hivyo mpaka ipoe. Usiinyanyue kukimbia nayo nje. Usichungulie. Na ukiwa na mafuta jikoni, simu iite mpaka ichoke.

Dawa ya meno nayo uiache kwa meno. Ukiungua, weka mkono chini ya bomba maji yatiririke dakika 20. Maji ya bomba ya kawaida, si barafu. Mafuta, unga wa ngano, dawa ya meno, vyote hivyo vinafungia joto na kumpa muuguzi kazi ya kuvikwangua. Kama malengelenge bado yapo au pamevimba, kaonyeshe zahanati.

Haya. Mawazo yako mawili nayakataa yote. Binti wa kazi wa wiki mbili utampata wapi, na akipatikana atalala wapi kwenye chumba na sebule? Na hilo la kuleta yai la mama ntilie kwa siri limenichekesha peke yangu hapa. Mwanangu, mama aliyekaanga mayai kwa watoto watano atashindwaje kujua yai lililopikwa kwenye mafuta ya jana? Atalinusa kabla hujalitua mezani. Atanyamaza, atakula, na akirudi Tukuyu atawasimulia dada zako wote wanne.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa, na nimelikuta lile lile kila mahali. Moto. Unaogopa jiko, na anayeogopa anataka amalize haraka, na anayetaka kumaliza haraka anafungua koki mpaka mwisho. Lile jiko linalokaa juu ya mtungi mdogo halina adabu. Ukilifungulia lote linavuma kana kwamba unachemshia maji ya msiba. Yai halihitaji hivyo. Ute unaanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, kiini kinaganda kati ya 65 na 70. Fikiria: hiyo ni chini ya maji ya chai yanayochemka. Mafuta ya alizeti ya dukani yakianza kutoa moshi yamepita nyuzi 200. Wewe unasubiri moshi ndipo uweke yai, halafu unashangaa pembeni jeusi na juu maji. Chini limeshaungua wakati joto halijapata nafasi ya kupanda juu.

Jambo la pili ni chombo. Umeandika "sufuria" kila mahali, nami naiona kabisa: ya alumini, nyepesi, chini imebonyea, imesuguliwa kwa steliwaya mpaka inang'aa. Sufuria hiyo ni nzuri kwa chai. Kwa yai ni adui, kwa sababu ni nyembamba na moto unaipiga mahali pamoja, na mikwaruzo yake inalishika yai likanata. Tena ina kuta ndefu, hata ukitaka kupitisha kijiko chini ya yai utapitia wapi? Nunua fraipani. Ukipata zile nyeusi zisizonata, ndogo, sentimita 20 hivi, kwa mwanafunzi ndiyo nafuu zaidi, ila uiahidi mambo mawili: haitapata steliwaya wala kijiko cha chuma, na haitaachwa motoni tupu. Kama una kikaango kizito cha chapati, hicho mimi nakipenda kuliko vyote. Kinachelewa kupata moto lakini kikishapata kinautawanya sawasawa, na kadiri unavyokitumia kwa mafuta ndivyo kinavyoacha kunata. Na hakikisha una kifuniko kinachoenea, hata kama ni cha sufuria nyingine.

Mayai yenyewe sasa. Ukienda dukani, usichukue trei iliyoanikwa juani mlangoni. Ukifika nyumbani chukua lolote unalolitilia shaka, liweke kwenye bakuli la maji. Likilala chini ubavu, ni la juzijuzi. Likisimama wima lakini limegusa chini, limekaa siku nyingi, lichemshe. Likielea, usilipasue hata kwa udadisi, maana harufu yake umeshaijua. Yai linavyokaa, unyevu unatoka kwenye vitundu vya ganda na hewa inaingia, ndiyo maana linakuwa jepesi. Ute nao unalegea. Ukiona umelipasua likatambaa fraipani nzima kama maji, huna kosa, ni uzee wake. Yai jipya linakaa kwa heshima mahali ulipoliweka, ute umekumbatia kiini. Iwe la kienyeji au la kisasa hilo halibadiliki; la kienyeji mara nyingi kiini chake kina rangi zaidi, lakini la kienyeji lililozeeka ni zee tu.

Na usipasulie yai juu ya moto. Pasulia kwenye kikombe. Ligonge mara moja juu ya meza, mahali bapa, si kwenye ukingo wa sufuria, kwa sababu ukingo unaingiza vipande vya ganda ndani. Ingiza vidole gumba viwili kwenye ufa, fungua kama unafungua kitabu. Ganda likiingia, lichote kwa ganda kubwa lenyewe, usihangaike na kidole, litakukimbia mpaka jioni. Yai likiwa viza litaishia kwenye kikombe na wenzake watasalimika. Na faida kubwa kwako ni hii: ukiwa na kikombe huna sababu ya kurusha. Unakishusha mpaka kinakaribia kugusa fraipani, unainamisha, yai linateleza. Mafuta yanamrukia anayetupia kitu kutoka juu.

Basi simama hapo. Karibu, si hatua mbili nyuma.

Fraipani iwe kavu kabisa. Iweke kwenye moto wa kati, tupu kama ni kikaango cha chapati, dakika moja. Rushia tone la maji kwa ncha ya kidole, kabla ya mafuta, narudia, kabla. Tone likikaa tu bila sauti, bado. Likitoa "tsss" na kupotea, tayari. Likikimbia huku na huku kama gololi, umepitiliza. Itoe motoni ipumue. Ile isiyonata usiipashe tupu hivyo, anza nayo na mafuta. Mimina kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, zungusha yatambae, na hapo hapo punguza koki mpaka moto uwe mdogo, ule wa kukaushia wali.

Teremsha yai. Sasa tega sikio, kwa sababu macho yako hayajajua lolote bado lakini sikio unalo. Ukisikia "chwaaa" kubwa na kupasukapasuka, moto mwingi, nyanyua fraipani sekunde kadhaa. Ukisikia kimya, moto haujafika. Utulie, sauti itakuja. Unayoitaka ni ya chini, mfululizo, kama mvua nyepesi juu ya bati. Vijana wa banda la chipsi unaowalipa kila usiku hawatazami zege lao, yaani hizo chipsi mayai, muda wote. Wanaongea na wateja, wanapokea pesa, na sauti ikibadilika mkono unageuka wenyewe. Simama pale leo usiku usikilize, umelipia masomo ya miaka sita bila kuhudhuria.

Kisha usiliguse. Hapa ndipo unapoharibu, naapa. Yai likianza kuganda linashikamana na chuma, na ukilisukuma wakati huo linachanika. Likiachwa, sehemu ya chini inakauka na kujibandua yenyewe. Tikisa mpini kidogo; likiteleza, limekubali. Kama halijateleza, ngoja. Hesabu mpaka thelathini ukitaka, imba, lakini mwiko uweke mezani.

Mama yako anataka kiini kizima na kiwe kimeiva, na hapo wengi wanakosea kwa kuligeuza. Kugeuza utajifunza baadaye. Wewe tumia kifuniko. Ute wa pembeni ukishakuwa mweupe, nyunyiza chumvi, kishike kifuniko kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine tia kijiko kimoja cha chai cha maji pembeni, mbali na yai, kisha funika mara moja. Najua nimetoka kukugombeza kuhusu maji. Lakini ile ilikuwa ndoo kwenye mafuta yanayowaka. Hii ni kijiko cha chai, mafuta kidogo, moto mdogo, na kifuniko ndiyo ngao yako. Kama fraipani inatoa moshi, hilo usilifanye. Yale maji yanakuwa mvuke, mvuke unapika juu wakati fraipani inapika chini, na kiini kinabaki mahali pake kikivaa utando mweupe. Dakika 3 au 4. Fungua, kiguse kiini kwa mgongo wa kijiko. Kikibonyea kama shavu, rudisha kifuniko. Kikikataa kubonyea, mpakulie mama.

Kukipenda kwake kiini kilichoiva ni jambo zuri tena, maana bakteria wa salmonella wanaoweza kuwemo kwenye yai hawavumilii joto la kuligandisha yai lote. Kwa watu wazima wa umri wake, watoto wadogo na wajawazito, mimi siwapi kiini cha majimaji hata wakiomba. Na osha mikono baada ya kushika maganda, kabla ya kushika mkate.

Kitunguu, nyanya, pilipili hoho, vyote hivyo usiviguse mwezi huu. Najua utashawishika. Nyanya ina maji, itakuharibia kila kitu nilichokufundisha. Yai, mafuta, chumvi. Kaanga moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, lile lile, moto ule ule. Moja, si matatu. Ukipika matatu kwa mkupuo unafanya kosa moja mara tatu na hujifunzi chochote.

Nimebakisha lile swali la mwisho, na kusema kweli ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Umeniandikia maneno ya mama yako kwa alama za kunukuu: "Toka hapo, utaungua!" Yasome tena. Hakusema "toka, wewe ni mwanamume." Hilo la mwanamume umeongeza wewe, ukiwa mtoto mdogo uliyefukuzwa, na umelibeba kutoka Tukuyu mpaka Tabata. Jiko la mafiga ni moto wa chini, usio na ukuta, mahali penye sufuria inayochemka kimo cha kifua cha mtoto. Mimi mwenyewe nimefukuza watoto kwenye jiko la namna hiyo, wa kike na wa kiume. Inawezekana alikuwa na fikra zote mbili, za moto na za mwanamume. Wazee wetu walichanganya. Lakini alichokitamka ni kuungua, na wiki iliyopita, una miaka 31, ukaungua. Mpe haki yake hapo.

Ukiniuliza mwanamume na jiko vinakaaje, nitakuuliza ni nani anayekukaangia zege kila usiku. Na ukialikwa harusi huku pwani, pita nyuma ya nyumba uone wanaosimamia yale masufuria ya pilau.

Kwa hiyo mpigie simu. Leo, usingoje afike. Mwambie, "Mama, najifunza kukaanga yai lako lile, kiini kinanisumbua, wewe ulikuwa unafanyaje?" Utaniambia ulitaka kumshtukiza. Mama anayekuja mjini kupimwa macho ana mshtuko wa kumtosha. Atacheka, atakuita majina, kisha atakueleza mambo ambayo mimi siwezi kuyajua: alitumia mafuta gani na alifunika na nini. Kama maelezo yake yakipingana na yangu, fuata ya kwake. Anayekula ni yeye.

Akishafika atataka kukunyang'anya mwiko siku ya kwanza, jiandae. Mpe mchana na usiku, apike ndizi zake, ashinde. Asubuhi ushikilie. Mwambie akae, umwekee chai kwanza ili mikono yake iwe na kazi. La siku ya kwanza linaweza kukuharibikia kwa sababu ya kutazamwa. Lile lile lililoharibika mpe bila maelezo marefu, na la pili ukaange mbele yake akikuelekeza.

Ile sufuria iliyoungua usiikwangue kwa kisu. Tia maji yafunike pale peusi, ongeza vijiko viwili vya magadi soda, chemsha dakika kumi, iache usiku kucha. Asubuhi sugua kwa mwiko wa mbao, kinachobaki kirudie tena. Alumini ikikaa na magadi inabadilika rangi kuwa ya kijivu, usijali, irudishe kwenye kazi ya chai.

Na lile pazia lishushe kabisa, usinunue jingine la kuweka karibu na jiko. Mama akiuliza pazia limekwenda wapi, mwambie.